Umbali wa Angani na Muda wa Safari ya Ndege: Namna ya Kuufundisha Ngara na Biharamulo

Vitabu vya hesabu vya shule za msingi havikosi swali la namna hii: ndege iliondoka Dar es Salaam saa fulani, ikaruka kwa mwendo wa kilometa kadhaa kwa saa, ikatua Mwanza saa fulani, tafuta umbali. Mwanafunzi hodari huzidisha au hugawanya, hupata jibu, naye hupewa alama ya vema. Lakini mwulize kama umbali huo ndio anaosafiri mtu kwa basi kutoka mji mmoja hadi mwingine, au kwa nini ratiba ya ndege huandika muda mrefu kuliko ule alioupata yeye, naye atanyamaza. Amegawanya tarakimu mbili asizojua zinapima nini.

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza wanachuo namna somo hili linavyoweza kufundishwa katika madarasa ya juu ya shule za msingi, hasa kwa wale watakaopangiwa kazi katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Tumechagua wilaya hizo kwa makusudi. Zipo mbali na Dar es Salaam kwa kipimo chochote utakachotumia, na watoto wake wengi huiona ndege ikipita juu sana bila kujua itokako wala iendako. Aidha Ngara hupakana na nchi mbili, Rwanda na Burundi, ambazo saa zake hazilingani na zetu. Mambo hayo yote ni zana za kufundishia ambazo hazinunuliwi.

Umbali upi?

Kabla ya kuitaja ndege, mwalimu aanze na safari ambayo mtoto mwenyewe, au jirani yake, amepata kuifanya. Safari iliyo rahisi ni ile ya kutoka Ngara hadi Biharamulo. Chukua ramani ya Tanzania yenye skeli ya 1:2,000,000, yaani sentimita moja katika ramani ni kilometa 20 katika ardhi. Mwanafunzi mmoja aweke ncha ya uzi penye Ngara, mwingine aunyooshe hadi Biharamulo, kisha waupime kwa rula. Watapata sentimita 3.7 au 3.8 hivi. Wakizidisha kwa 20 watapata kilometa 75 kwa kukadiria.

Sasa wape kazi ya nyumbani. Kila kikundi kimwulize dereva wa basi, wa lori au wa pikipiki: kutoka Ngara hadi Biharamulo ni kilometa ngapi? Majibu yatakayoletwa kesho yake yatazidi 75 kwa mbali, wala hayatalingana. Dereva mmoja huhesabu toka stendi, mwingine toka sokoni. Mmoja amesoma kipimo cha gari lake, mwingine amekisia. Mwalimu asiyakatae majibu hayo. Ayaandike yote ubaoni, darasa litafute wastani wake, kisha aulize: kwa nini dereva na uzi hawakubaliani?

Hapo ndipo somo linapozaliwa. Gari litokalo Ngara halina budi kushuka na kupanda vilima, kushika barabara kuu ya Lusahunga, kisha kukata kuelekea Biharamulo. Uzi umepita juu ya vilima, mabonde na misitu bila kuuliza. Umbali wa uzi ni umbali wa mstari mnyoofu, na huo ndio tunaouita umbali wa angani. Umbali wa dereva ni umbali wa njia. Mwanafunzi akishazitenga dhana hizi mbili kwa safari anayoifahamu, hatababaika tena atakapokutana na miji asiyoifahamu.

Tunaona ni vema kutokimbilia hatua ya pili siku hiyo hiyo. Waache watoto wapime safari nyingine za karibu kwa uzi ule ule. Watagundua mambo ambayo walimu wengi hawajayatazama. Kutoka Ngara hadi Kigali ni kilometa 90 tu hivi kwa mstari mnyoofu, lakini kutoka Ngara hadi Bukoba, makao makuu ya mkoa wao wenyewe, ni kilometa 180, yaani mara mbili. Hadi Bujumbura ni 175 hivi. Mtoto wa Ngara amezoea kusikia kwamba wilaya yake ipo pembezoni. Uzi utamwonyesha kwamba pembezoni hutegemea umesimama wapi unapopima.

Kamba uwanjani

Ramani ya ukutani ni moja na darasa lina watoto wengi. Wanaokaa nyuma hawaoni kitu. Kwa hiyo ramani iletwe uwanjani. Tumieni kamba ya katani, au ya maganda ya migomba ambayo haikosekani katika sehemu hizi, na mkubaliane kwamba mita moja ya kamba ni kilometa 100. Chomekeni kijiti kimoja na kukiita Ngara. Kijiti cha Biharamulo kitakuwa sentimita 75 upande wa mashariki, kikielekea kusini kidogo. Mwanza itakuwa mita mbili na nusu toka Ngara, karibu mashariki moja kwa moja. Kigali itakuwa sentimita 90 upande wa kaskazini-magharibi. Dar es Salaam itakuwa mita 10 na sentimita 70, kwa mashariki-kusini-mashariki.

Watoto watembee. Hatua moja ndogo na wapo Biharamulo. Hatua kumi na kitu na wapo pwani. Kisha mwalimu aseme: London ipo mita 75 kutoka kijiti cha Dar es Salaam. Uwanja wa mpira wa shule nyingi utakuwa umekwisha au u karibu kwisha, na mtoto atakayepelekwa kusimama kule atalazimika kupiga kelele ili asikiwe. Hakuna maelezo ya ubaoni yatakayowaingia kama kelele hiyo.

Katika uwanja huo huo, chukueni kamba nyingine na kuilaza kwa kufuata barabara: kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Ushirombo na Lusahunga, hadi Ngara. Barabara hiyo ina zaidi ya kilometa 1,300, hivyo kamba yake itazidi mita 13. Inyoosheni kando ya ile ya mita 10 na sentimita 70, na tofauti itaonekana kwa macho. Walio na hamu waongeze reli ya kati: treni itokayo Dar es Salaam kwenda Mwanza huenda kwanza hadi Tabora ndipo ikageuka kaskazini, na kwa njia hiyo husafiri zaidi ya kilometa 1,200, hali mstari mnyoofu kati ya miji hiyo hauzidi 860.

Kukokotoa bila uzi

Darasa lililokwisha kujifunza kanuni ya Pythagoras linaweza kupiga hatua nyingine. Mwalimu awakumbushe kwamba nyuzi moja ya latitudo, popote duniani, ni karibu kilometa 111. Nyuzi moja ya longitudo hupungua kadiri unavyoiacha ikweta, lakini kwetu sisi tulio kati ya ikweta na nyuzi 7 kusini upungufu huo ni mdogo sana, nasi tunaweza kuihesabu pia kuwa kilometa 111.

Uwanja wa ndege wa Mwanza upo nyuzi 2 dakika 27 kusini, na nyuzi 32 dakika 56 mashariki. Uwanja wa Dar es Salaam upo nyuzi 6 dakika 53 kusini, na nyuzi 39 dakika 12 mashariki. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 4 dakika 26, yaani 4.4 hivi. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 6 dakika 16, yaani 6.3 hivi. Tukizidisha kila moja kwa 111 tunapata kilometa 488 kwenda kusini na kilometa 699 kwenda mashariki. Hizo ni pande mbili za pembetatu mraba, na njia ya ndege ni upande wa tatu, ulio mrefu kuliko yote. Kipeo cha pili cha 488 ni 238,144. Cha 699 ni 488,601. Jumla yake ni 726,745. Kipeuo chake cha pili kipo kati ya 852 na 853. Umbali wa angani kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni kilometa 852 hivi.

Tahadhari moja. Katika nyuzi kuna dakika 60, si 100. Mwanafunzi atakayeandika nyuzi 4 dakika 26 kuwa 4.26 amekosea, na kosa hilo hilo atalirudia katika saa, kama tutakavyoona. Ni afadhali kulikamata hapa, mahali ambapo madhara yake ni machache.

Kutoka umbali hadi muda

Kanuni inajulikana: muda ni umbali kugawanya kwa mwendo. Ndege za pangaboi aina ya Dash 8 Q400, ambazo Air Tanzania ilianza kuzitumia mwaka 2016, huweza kwenda kilometa 650 kwa saa zikiwa juu. Tukigawanya 852 kwa 650 tunapata 1.31. Waulize wanafunzi: hizo ni saa ngapi? Wengi watajibu kwa sauti moja: saa moja na dakika thelathini na moja. Usiwakemee. Waambie waiandike 0.31 peke yake na kuizidisha kwa 60. Watapata dakika 18 na sehemu. Basi safari ni saa 1 na dakika 19 kwa kukadiria, na tofauti kati ya jibu la kwanza na la pili ni dakika 12. Katika mtihani, dakika 12 hizo hukata alama. Katika uwanja wa ndege, zinatosha mlango kufungwa.

Tunashauri mazoezi ya kugeuza desimali ya saa kuwa dakika yafanywe kwa mdomo kila siku kwa wiki nzima, dakika tano tano mwanzoni mwa kipindi: nusu saa, robo, 0.1 ya saa, 0.2, 0.75. Ni kazi ya kuchosha kidogo, lakini hatujaona njia ya mkato.

Sasa linakuja swali gumu zaidi. Mtu akitazama ratiba ya ndege za Mwanza ataona muda wa saa moja na nusu hivi, au zaidi. Je, ratiba ni ya uongo, au hesabu yetu ni mbovu? Hakuna iliyokosea. Hesabu yetu ilidhani kwamba ndege huanza kwenda kilometa 650 kwa saa tangu ilipo ardhini na hukoma ghafla ifikapo. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea katika maegesho hadi inaposimama tena na milango kufunguliwa. Kwanza itatembea polepole kwenda njia ya kurukia, na pengine itangojea nyingine itue. Ikiruka itapanda kwa dakika kadhaa kwa mwendo mdogo kuliko ule wa juu. Ikikaribia itapunguza mwendo na kushuka, na pengine itazunguka ili itue ikielekea upepo utokako. Wala haifuati mstari wetu mnyoofu kwa ukamilifu, kwa kuwa angani nako kuna njia zilizopangwa na waongozaji.

Kutokana na hayo mwanafunzi atavumbua jambo ambalo halimo vitabuni: kadiri safari ilivyo fupi ndivyo muda wa kutembea ardhini, kupanda na kushuka unavyochukua sehemu kubwa ya safari yote. Katika safari ya Bukoba hadi Mwanza sehemu hiyo ni kubwa sana. Katika safari ya Dar es Salaam hadi London, yenye kilometa 7,500, haihisiki. Ndiyo sababu wastani wa mwendo katika safari fupi huwa mdogo hata kama ndege ni ile ile.

Upepo nao usiachwe. Mfano ulio karibu na watoto ni mtumbwi katika mto Kagera au Ruvubu: kufuata maji ni rahisi, kupingana nayo ni kazi. Tuchukulie ndege iendayo kilometa 600 kwa saa, isafiri umbali wa angani wa Biharamulo hadi Dar es Salaam, ambao ni kilometa 990, huku upepo wa kilometa 60 kwa saa ukivuma kutoka pwani. (Ndege ya ratiba ya namna hiyo haipo, tunatumia umbali tu.) Ikienda pwani itapingana na upepo, mwendo wake utakuwa 540, na itatumia saa 1 dakika 50. Ikirudi itasukumwa, mwendo utakuwa 660, na itatumia saa 1 dakika 30. Jumla ni saa 3 dakika 20. Bila upepo, kwenda na kurudi kungechukua saa 3 dakika 18. Wanafunzi wengi, na walimu wasio wachache, hudhani kwamba faida ya kurudi hufuta hasara ya kwenda. Haifuti. Ndege hukaa katika upepo mbaya kwa muda mrefu kuliko inavyokaa katika upepo mzuri. Acha darasa libishane juu ya dakika mbili hizo hata kama kengele imekwisha kulia.

Kuna swali litakaloulizwa katika kila darasa la mkoa wa Kagera, na mwalimu asilikwepe. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilitumbukia katika Ziwa Viktoria ikiwa karibu kutua Bukoba, wakati hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani yake walikuwamo watu 43. 19 walifariki, na wavuvi walikuwa miongoni mwa waliofika kwanza kuokoa. Huenda darasani yumo mtoto aliyefiwa. Mwalimu ajibu kwa ufupi na kwa ukweli, asitie chumvi wala asifanye mfano wa hesabu kutokana na msiba. Atakachoweza kusema ni kwamba muda ulioandikwa katika ratiba ni makadirio, na kwamba ndege ikichelewa kuondoka, ikizungukazunguka angani, au ikirudi ilikotoka kwa sababu ya mawingu na mvua, abiria hajadhulumiwa.

Muda ndio unaomfikia mgonjwa

Mwanafunzi anaweza kuuliza: haya yote yanatuhusu nini sisi tusiopanda ndege? Swali hilo ni la haki. Mwalimu alijibu kwa mfano wa nchi kavu.

Mgonjwa mahututi wa Ngara au Biharamulo anaweza kupewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa mstari mnyoofu Biharamulo ipo kilometa 180 hivi kutoka Mwanza, na Ngara kilometa 250 hivi. Kwa miaka mingi gari lililopitia Geita lililazimika kusimama Busisi kungojea kivuko ili livuke ghuba ya Mwanza. Mwezi wa Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi. Tangu siku hiyo umbali wa angani kati ya Biharamulo na Mwanza haukupungua hata kidogo, na umbali wa barabara karibu haukubadilika. Muda ndio uliobadilika. Foleni ya kivuko iliondoka katika hesabu.

Mfano huu una nguvu kuliko wa ndege, nasi tungependa kila mwanachuo aujue. Mtu aliye mahututi haokolewi na kilometa. Huokolewa na saa. Mtoto akilielewa hilo ataelewa pia kwa nini uwanja wa ndege wa Geita-Chato, ulioanza kupokea ndege za Air Tanzania mwaka 2021, una maana kwa mtu wa Biharamulo aliye kilometa 45 tu hivi kutoka hapo kwa mstari mnyoofu, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kukata tiketi.

Saa za tiketi na saa za jua

Sehemu hii ndiyo huwachanganya watu wazima, nasi hatuoni sababu ya kuwaficha watoto.

Kwanza, tiketi ya ndege huhesabu saa tangu usiku wa manane, kuanzia 00:00 hadi 23:59. Sisi huhesabu tangu jua kuchomoza na tangu kuchwa. Tiketi ikiandika 07:00 ni saa moja asubuhi. 14:30 ni saa nane na nusu mchana. 19:00 ni saa moja usiku. Wapo waliokosa ndege kwa kusoma 07:00 kuwa saa saba mchana. Tiketi ikiandika 00:30 ya tarehe 10, ni usiku wa kuamkia tarehe 10, na abiria anapaswa kuwapo uwanjani tarehe 9 jioni. Zoezi lifanywe kwa saa ya karatasi ngumu yenye duara mbili: ndani tarakimu za Kiswahili, nje tarakimu za tiketi.

Pili, saa za nchi. Rwanda na Burundi zipo nyuma yetu kwa saa moja. Watoto wa Kabanga na Rusumo wanalijua hili kuliko mwalimu aliyetoka mkoa mwingine; wamekwisha kuona watu wakivuka mpaka na kubadili saa mkononi. Hao ndio wawe walimu siku hiyo. Tuseme ndege inaondoka Dar es Salaam saa 4:00 asubuhi, inaruka kwa saa 1 dakika 40, inatua Kigali. Saa ya ukutani Kigali itasoma 4:40. Ikiondoka Kigali saa 6:00 mchana kwa saa ya huko, itatua Dar es Salaam saa 8:40 kwa saa ya hapa. Asiyejua atasema kwamba kwenda ni dakika 40 na kurudi ni saa 2 dakika 40. Mwambie mwanafunzi ajumlishe muda huo miwili na kuugawanya kwa mbili: atapata saa 1 dakika 40, muda wa kweli. Kilichoongezwa upande mmoja kilipunguzwa upande mwingine. Njia hii hufaa kwa miji yoyote miwili duniani, mradi upepo usiwe mkali mno.

Tatu, jua lenyewe. Dunia hugeuka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Dar es Salaam ipo longitudo ya nyuzi 39 na robo hivi, Ngara nyuzi 30 na theluthi mbili hivi. Tofauti ni nyuzi 8.6, na ukizidisha kwa 4 unapata dakika 34. Jua linalochomoza baharini huchelewa kwa zaidi ya nusu saa kulifikia Ngara, ingawa saa za ukutani za miji yote miwili zinasoma sawa. Hata ndege ya jeti, iendayo kilometa 830 kwa saa, ingehitaji zaidi ya saa 1 na robo kuumaliza umbali huo wa kilometa 1,070. Mapambazuko huishinda ndege kwa mbali.

Saa yetu ya Afrika Mashariki imewekwa kufuatana na longitudo ya nyuzi 45, inayopita karibu na Mogadishu. Kwa hiyo Ngara, katika wastani wa mwaka, kivuli cha mti huwa kifupi kuliko vyote saa 7 kasoro dakika 3 mchana, wala si saa 6 kamili kama watoto wanavyofundishwa. Chomekeni fimbo uwanjani na kuitazama kila dakika kumi kuanzia saa 6, itasema yenyewe. Tungependa pia walimu wakuu walitazame jambo hili. Kengele ya asubuhi ikigongwa saa ile ile nchini pote, mtoto wa Ngara huwa ametoka nyumbani gizani zaidi kuliko mwenzake wa pwani, na hilo halipaswi kuhesabiwa uvivu anapochelewa.

Dunia si karatasi

Wanafunzi walioendelea wanaweza kuonyeshwa jambo moja la mwisho kwa mpira au boga la mviringo. Ramani ya ukutani hudanganya kidogo kwa sababu dunia ni tufe. Madrid na New York zipo karibu katika latitudo moja, nyuzi 40 kaskazini, na katika ramani mtoto ataunganisha miji hiyo kwa mstari ulionyooka kutoka mashariki hadi magharibi. Lakini nyosha uzi juu ya mpira kati ya alama mbili zilizo mbali na ikweta, na utauona ukipanda kuelekea ncha ya kaskazini. Njia hiyo ya kupinda ndiyo fupi, ya kilometa 5,770 hivi. Ile ya kufuata latitudo huizidi kwa zaidi ya kilometa 150. Marubani huitumia hiyo fupi kadiri upepo unavyoruhusu. Kwa Ngara na Dar es Salaam, kwa kuwa tupo karibu na ikweta, tofauti haionekani kwa uzi, ndiyo maana pembetatu yetu ilitutosha.

Kwa kupima kama somo limeeleweka, usitoe swali la kitabuni. Toa hili, na uwape siku mbili: Mzazi wako yupo Biharamulo mjini na anatakiwa kuwa Dar es Salaam kesho saa nane mchana. Ataondoka saa ngapi, atapita wapi, atasafiri kilometa ngapi nchi kavu na ngapi angani, na ni sehemu gani ya muda wake itakwenda kwa kungoja? Kila kikundi kitaleta njia yake, mmoja kupitia Mwanza, mwingine Chato, mwingine Bukoba, na mwingine utakuja na jibu kwamba mzazi huyo alipaswa kuondoka jana kwa basi. Wapatie wote nafasi ya kujitetea mbele ya ramani, uzi ukiwa mkononi.